Mtu wa Pili Kichupani

Mtoto mwenyewe walimwita Cheche, na jina hilo halikuoteshwa na mtu ndotoni. Baba yake ni fundi umeme. Siku binti alipojifunza kutembea alikatiza sebule, akagonga meza, akaangusha kikombe, akachomoa waya wa redio na kutokea mlango wa nyuma kabla mtu yeyote hajapiga makofi. "Hiyo ni cheche," baba akasema, na likabaki hilo hilo. Mama akawa Mama Cheche, baba akawa Baba Cheche, na majina yao ya kuzaliwa yakaenda kupumzika.

Sasa Cheche alikuwa na miaka minane, na cheche ilikuwa imeanza kuunguza. Darasani alikalia ukingo wa kiti kama mtu anayehofia kuachwa na gari. Swali alilijibu kabla halijaulizwa, na likishaulizwa yeye alikuwa amehama zamani, yuko dirishani anaongea na nzi. Asubuhi alivaa soksi moja. Alipokwenda kutafuta ya pili alikutana na kijiti, kijiti kikamkumbusha jambo, na mama yake akaja kumkuta uani anawajengea siafu daraja, mguu mmoja mtupu. Si kwamba alikuwa mkaidi. Ukimwuliza mbona hujavaa soksi, aliutazama mguu wake kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameletewa mguu wa jirani.

Mwalimu alishawaita wazazi mpaka njia ya shule wakaizoea. Mwishowe daktari wa watoto alimwona, akauliza maswali mengi, akasema hiyo ni hali ya upungufu wa umakini, inajulikana, na msaada upo. Mama Cheche alishusha pumzi. Angalau kitu kilikuwa na jina.

Aliyekataa ni Shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba Cheche na msimamizi wa stoo ya vifaa vya ujenzi, stoo ambayo inasemekana hata misumari hujipanga mstari akipita. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti kile kile ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, akasikiliza habari ya daktari mpaka mwisho.

"Upungufu wa umakini!" alisema. "Siku hizi kila utundu una jina la hospitali. Mtoto amedekezwa, basi. Na nikuambie ukweli, wifi yangu, usininunie. Wewe ulimtikisa."

"Nilimtikisa vipi tena?"

"Mimba nzima uko kwenye cherehani! Trrrr asubuhi, trrrr jioni. Mtoto katingishwa miezi tisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, leo unataka atulie?"

Wote walicheka. Mama Cheche naye alicheka, maana Shangazi akisema jambo, kutocheka ni kazi ngumu. Lakini lile neno liliingia likavua viatu, likakaa. Yeye ni fundi cherehani, na kweli alishona mpaka wiki ya mwisho. Suruali za sare za shule ndizo zilizomnunulia mtoto kitanda. Tangu Jumapili ile, kila Cheche alipopita karibu na mashine, mguu wa mama ulijiinua wenyewe kwenye pedali. Sauti ilikatika, trr, na kazi ikasimama.

Shangazi hakuishia kwenye maneno. Alikuwa ameshatafuta shule ya bweni, mbali, yenye ukuta mrefu na kengele kwa kila kitu, kengele ya kuamka, ya kula, nadhani hata ya kupiga chafya. Akaleta na sanduku la bati la buluu, akaliweka katikati ya sebule. Muhula ukiisha, Cheche anaingia bweni. Baba Cheche, ambaye alimwogopa dada yake kuliko waya usio na ganda, alisema "tutaona," na nyumbani kwao "tutaona" ya mbele ya Shangazi maana yake ni ndiyo.

Mama Cheche akajipiga moyo konde. Daktari wa watoto alikuwa amewaambia kuhusu watafiti wanaozunguka na familia, mama, baba na mtoto, wakitafuta kwenye vinasaba hali hii inatokea wapi.

"Wifi, subiri kwanza tuwasikie hao," aliomba. "Wakisema ni malezi yangu, mchukue. Sitasema neno."

Shangazi alifikiri. "Sawa. Na wakisema ni cherehani, nayo naondoka nayo."

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo refu lililonuka spiriti na sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Majokofu yalisimama ukutani yakinguruma chini kwa chini kama wazee waliokataa kuamka. Mtafiti mkuu alikuwa mwanamke mfupi aliyekuwa akiitafuta miwani yake, na miwani iko kichwani. Wote pale walimwita Dokta.

Aliwaeleza taratibu, bila kuwaficha. Utafiti huu hautatoa jibu la mtoto wao peke yake. Unahitaji familia nyingi sana, na wao ni tone moja kwenye pipa. Mama Cheche aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni akasema, hata pipa lina tone lake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutema mate. Kila mtu na kichupa chake cha plastiki, usile wala usinywe nusu saa kabla, na uteme mpaka mate yafike kwenye mstari. Povu halihesabiwi.

"Umeona?" Baba Cheche alimnong'oneza mkewe. "Nimesomea umeme miaka yote, kumbe sayansi yenyewe ni kutema."

Yeye alimaliza mara moja. Cheche alitema kidogo, akauliza mstari umechorwa na nani, akatema povu, akakizungusha kiti, akauliza kama jokofu lina mtu ndani. Mama akaitwa chumba cha pili kujibu maswali ya ujauzito na uzazi. Aliulizwa kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akikisubiri, na kukisema mwenyewe mdomo uligoma. Aliporudi, vichupa vitatu vilikuwa vimesimama kwenye kishikio, vimejaa, vifuniko vimekazwa. Baba na mwana walikaa wakipunga miguu kwa mapigo yale yale.

"Amejaza?" mama alishangaa.

"Tumejaza," alisema Baba Cheche, akatazama dari.

*

Simu iliingia Mama Cheche akiwa anapiga pasi kola. Kichupa cha mtoto kina hitilafu, wanaombwa waende tena.

"Sikusema?" Shangazi alipiga mapaja kwa furaha. "Hata mate yake hayatulii! Safari hii naenda mwenyewe."

Basi wakaenda wanne. Njiani Mama Cheche alilirudia neno moja tu kichwani. Hitilafu. Alijua fundi akisema hitilafu maana yake nini: kitu kimeharibika, na mtu amekiharibu.

Dokta aliwakalisha mbele ya kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na milima midogo midogo ya rangi, mstari juu ya mstari, kama mshono wa mapambo ya kijani, buluu na nyekundu.

"Kila mmoja wetu," alianza, "ana nakala mbili za maandishi ya mwili wake. Moja kapewa na mama, moja na baba. Mbili tu. Sasa hapa kwenye kichupa cha mtoto, tazameni." Akaweka kidole. "Moja. Mbili. Tatu. Na hapa tena, tatu. Na hapa."

"Tatu?" Mama Cheche alizihesabu tena kwa macho. "Mwanangu ana tatu?"

"Hapana. Mtu hawezi kuwa hivi. Maana yake kichupani mna mtu wa pili."

Shangazi alijisogeza mbele, nyusi zimepanda mpaka karibu zitoke kichwani. "Mtu wa pili nani? Dokta, sema usimung'unye, mimi ni mtu mzima."

"Tulilinganisha na vichupa vingine viwili. Ya tatu inafanana kila mahali na..." Dokta aliitafuta miwani, akaikuta kichwani, akaishusha. "Na ya baba."

Wote wakamgeukia Baba Cheche. Alikuwa amekifungua kifuniko cha soketi ya ukutani kwa sarafu, anachungulia ndani. Alikirudisha polepole.

"Mstari ulikuwa bado mbali," alisema.

"Baba Cheche!"

"Mtoto kakauka mdomo! Ametema, ametema, mate hayaongezeki. Na mimi nimekaa pale, kiti kigumu, saa haiendi, nikasema, mate ni mate tu, sisi si familia moja? Nikamsaidia."

Dokta akacheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, ikabidi aikamate miwani. "Nimepokea vichupa vingi," alisema. "Vimedondoshewa biskuti, kimoja kilikuwa na chai. Baba kumtemea mtoto, hii ni mara ya kwanza."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameikamata hasira kwa mikono miwili. "Hivi wewe utaacha lini? Ulikuwa hivi hivi! Dokta, huyu, mama yetu alikuwa anamfunga mguu kwenye meza kwa kitambaa ndiyo aandike. Akageuka kidogo tu, huyu anatoka nje na meza! Mlango mzima umeziba, meza inapita kiubavu, yeye mbele anaburuza, anasema amesikia ndege! Nusu ya pili ya kila daftari lake ilikuwa tupu. Mpaka leo nyumba yake ina swichi tatu zisizo na..."

Alisimama hapo. Mdomo ulibaki wazi, kama mlango ambao mwenye nyumba amesahau alikuwa anatoka au anaingia. Alimtazama mdogo wake. Akamtazama Cheche, ambaye wakati huo alikuwa chini ya meza akifuata waya wa kompyuta unakokwenda. Akamtazama tena mdogo wake, na goti lake linalotikisika.

"Na huyu," Shangazi alisema taratibu, "hakuna mtu aliyemtikisa kwa cherehani tumboni. Mama yetu hakuwa hata na sindano."

*

Dokta hakudakia maneno hayo, maana aliogopa yangekimbia mbali kuliko anavyojua. Alifungua picha nyingine. Kioo kilijaa nukta, nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, zimetandazwa chini kama vumbi lililopigwa na mwanga, na hapa na pale chache zimeruka juu ya nyingine.

"Hii imetoka kwa familia nyingi sana. Kila nukta ni mahali pamoja kwenye vinasaba. Zamani tulidhani tutakuta kosa moja kubwa, tuseme hilo hapo, limekaa, tulikamate. Hakuna. Tunachokuta ni vitofauti vidogo vidogo, vingi ajabu, kila kimoja kinasukuma kidogo tu, kama kiwiko cha mtu sokoni. Mimi ninavyo. Mama unavyo. Hata Shangazi."

"Mimi?"

"Kila mtu. Ila wengine viwiko vimewaangukia vingi kwa pamoja, kutoka pande zote mbili, na kwa baadhi yao mtu anasukumwa mpaka hatulii. Siwezi kuwaambia kwamba kwa mtoto huyu ni kutoka kwa fulani. Hatujafika huko. Tunajua kwamba hali hii hupita sana kwenye damu za watu, na bado hatujui sehemu kubwa ya njia yake."

Mama Cheche aliziangalia zile nukta. Alijikuta ananong'ona "zote hizi!" kama mtu aliyeingia mahali pa sala. Maishani amekuwa akitafuta sehemu moja iliyokosewa, mshono mmoja wa kufumua. Na mbele yake palikuwa na anga zima.

Mdomo uliokuwa umegoma ukafunguka.

"Na kutikiswa, Dokta?"

"Kutikiswa vipi?"

"Kwa cherehani. Tumboni."

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Dokta alikivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Cherehani haiandiki kitu humu, mama. Yapo mambo ya ujauzito tunayoyachunguza, kama mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Kushona hakumo. Wala malezi hayawezi kuumba hali hii. Yanaweza kumrahisishia mtoto au kumtia ugumu. Hapo tu ndipo mkono wenu unapofika."

Mama Cheche aliitikia kwa kichwa. Kisha akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu chake, ambacho hakikuwa na kamba.

Dokta akainuka. "Haya, mate mapya! Na safari hii, baba, wewe ukae kule." Kisha akamwinamia Cheche chini ya meza. "Binti, ukimaliza kunijazia kichupa, unataka kuona hicho tunachokitafuta? Kwa macho yako?"

Kichwa kilichomoza. "Kinaonekana?"

Kichupa kilijaa, povu halikuhesabiwa, na hakuna aliyesaidiwa. Halafu Dokta akachukua glasi nyembamba. Alimpa Cheche maji ya chumvi asukutue mdomo na kuyatema humo, akadondoshea sabuni ya kuoshea vyombo, ile ile ya kila jiko, akakoroga polepole. Kutoka kwenye jokofu akatoa chupa ya spiriti baridi, akaimimina pembeni ya glasi, tone kwa tone, ikaelea juu ya yale maji kama kioo juu ya kioo.

"Sasa msiitikise. Tazameni tu pale vinapokutana."

Kwanza hakukuwa na kitu. Shangazi alisafisha koo tayari kutoa maoni. Kisha, katikati ya glasi, maji yakaanza kuota ukungu. Ukungu ukajivuta, ukajisokota, ukawa unyuzi. Unyuzi mweupe, mwembamba kuliko chochote kilichowahi kupita kwenye tundu la sindano, ukapanda juu taratibu, ukifuatwa na wa pili, na mwingine, zikabeba viputo vidogo vilivyong'aa kama vishanga.

"Hivyo ndivyo vinasaba vyako," Dokta alimwambia Cheche. "Vingi vimeshikana pamoja, ndiyo maana unaviona. Uzi wa seli moja tu, seli ambayo jicho haliioni, ukinyooshwa unanipita urefu."

"Umekunjwaje ukaingia?" Mama Cheche aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtoto. Yeye huzungusha uzi kwenye bobini kila siku, uzi mmoja, kwa mashine ya chuma, na bado hujifunga fundo ukakatika. Na huku kwenye shavu la bintiye, wakati yeye amelala, wakati anapika, wakati anagombana na wifi yake kwa sababu ya sanduku, mikunjo hii ilikuwa inakunjwa na kukunjuliwa na kunakiliwa, mahali pasipohesabika, bila fundi.

"Na ukiunga wa mwili mzima," Dokta alisema, "unafika kwenye jua na kurudi. Mara nyingi."

"Nani alienda kupima?" Shangazi aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, ya kujitetea tu.

"Nusu ni ya mama," Cheche alisema. "Nusu ni ya baba."

"Ndiyo."

"Ipi ni ipi?"

"Huwezi kuzitenganisha kwa macho."

Cheche hakuuliza lingine. Ndipo mama yake akagundua jambo ambalo wengine walikuwa bado hawajaliona. Mtoto alikuwa ametulia. Kidevu kimekaa juu ya mikono, mikono juu ya meza, miguu yote miwili chini. Hakupepesa. Gari lilipiga honi barabarani, mlango ukabamizwa, simu ya mtu ikalia kwenye korido, na Cheche hakugeuka. Uso wake ulikuwa wazi, umemezwa wote na ule unyuzi unaopanda, na mama alikaa naye, hakuthubutu hata kukohoa.

"Kumbe anaweza," Baba Cheche alinong'ona.

"Uwezo hawajakosa hawa," Dokta alijibu kwa sauti ile ile ya chini. "Ugumu wao uko kwenye usukani, umakini hauendi unakotumwa. Lakini kitu kikiwakamata kweli, ndiyo hivi. Ghorofa ya chini kuna kliniki, watawafundisha nyinyi na mwalimu wake namna ya kumsaidia."

Baba Cheche alimtazama bintiye kwa muda mrefu, na goti lake kwa mara ya kwanza lilisimama.

"Dada," alisema. "Haendi."

Shangazi hakuondoa macho kwenye glasi.

"Nani kakuuliza?"

"Najisemea tu. Kengele zote zile... Mimi ningekufa, dada. Ningetoka na ukuta, kama ile meza."

Shangazi aliiangalia mpaka nyuzi zote zikakusanyika juu zikawa kiwingu kimoja. Ilikuwa vigumu kujua anawaza nini. Uso wake ulikuwa umelainika, kama wa mtu aliyesimama nje wakati umeme umekatika mji mzima, akainua kichwa, akakumbuka kwamba nyota zipo.

"Sanduku nilinunua mimi," alisema mwishowe.

"Nitalitilia bisibisi zangu."

"Utazipoteza na sanduku lenyewe." Kisha akamgeukia Dokta, akajiweka sawa kitini. "Nipe na mimi kichupa. Natema vizuri, mstari naufikisha."

"Shangazi, utafiti unahitaji mama, baba na mtoto tu."

"Yaani niende juani na kurudi, halafu nisihesabiwe?" Akasusa mpaka kwenye ngazi.

*

Jioni, kabla jua halijazama, Baba Cheche alilitoa sanduku la buluu sebuleni bila hata kuvua viatu. Aliweka ndani bisibisi mbili na koleo, akakumbuka balbu ya jirani, akaondoka akaliacha mlangoni, wazi. Mama Cheche alilikwepa, akaenda kukaa kwenye mashine. Alikata uzi mweupe, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia zaidi kuliko ilivyohitajika kuutia kwenye sindano.

Cheche alikuja na soksi moja, akajipenyeza chini ya meza ya cherehani, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa chuma wa meza kama alivyozoea. Mguu wa mama ulijiinua juu ya pedali.

"Mama, mbona umesimama?"

"Sijasimama," alisema Mama Cheche, na akakanyaga. Trrrrr, ikaenda, moja kwa moja mpaka mwisho wa mshono, na chini ya meza mtoto akaanza kuimba kwa sauti inayotikisika, akicheka jinsi inavyotikisika.